Mbeleko za Helikopta Zilizofukizwa Udi

Sisi tulikuwa tukishona mbeleko za helikopta. Ukimwambia hivyo mtu wa kwetu Unguja anacheka, na ana haki ya kucheka, lakini sijui nikwambie vipi ukafahamu upesi zaidi ya hapo. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na helikopta za njano ambazo kazi yake si vita, ni kutafuta watu na kuwaokoa: mabaharia ambao meli yao inazama, mpanda milima aliyevunjika mguu, watu waliochezea ufukweni mpaka maji yakawazunguka. Helikopta inasimama hewani, mtu mmoja anateremshwa kwa waya, anamvalisha yule mwenye shida mkanda mpana unaopita chini ya makwapa, kisha wanavutwa juu wote wawili. Mkanda ule una umri wake. Umri ukifika, hata kama haujaguswa na tone la maji, unatolewa na kukatwa vipande viwili asije mtu akautumia tena, na mpya unashika nafasi yake. Hizo mpya ndizo zilizokuwa kazi yetu, katika karakana ya Kulwant Singh, Castle Vale, Birmingham, mwaka wa 2003.

Kwa Kiingereza mkanda ule una jina lake. Pritesh, kijana aliyekuwa akikata nailoni, akiuita kitanzi. Bi Maisara alimkatalia.

"Kitanzi ni cha kunyongea," alimwambia. "Hiki kinambeba mtu aliyeshindwa kujibeba mwenyewe. Hii mbeleko."

Basi ikawa mbeleko, mpaka Kulwant akiwa kwenye simu utamsikia katikati ya Kiingereza chake, "Yes, mbeleko thirty, Friday," na sijui huyo wa upande wa pili akifahamu nini.

Bi Maisara ni shangazi yangu, dada yake baba. Alikuja Birmingham akiwa mke wa mtu, akafiwa, akamlea mwanawe Muzamil katika fleti ya Newtown, na kwa miaka yote hiyo kilichomtoa nyumbani asubuhi ni kiti chake mbele ya cherehani kule kwa Kulwant. Hakuwa na shoga nje ya karakana ile, wala hakutaka. Mimi nilipofika kutoka Unguja alinichukua pale, akaniketisha kando yake, akasema, "Mwanakhamis, tazama mikono yangu, usinitazame uso." Nikatazama. Kutazama naweza.

Kulwant kazaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha dukani kwa baba yake: kinafika kinakokwenda, ila hakipigi nguo pasi kabla ya kutoka. Pritesh kwao Mombasa. Kwa hiyo pale ndani Kiswahili kilikuwa cha aina tatu, na kila mmoja akimwona mwenziwe ndiye anayekosea.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi alikuja Tara. Tara ni mkaguzi wa jeshi, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyengine kichwani. Kundi la mbeleko likimalizika huja, akazigeuza moja moja, akaivuta mishono kwa ukucha, kisha akapiga muhuri na makreti yakafungwa. Siku zote humaliza chai yake ikiwa bado ina moto. Siku hiyo aliinua mbeleko ya kwanza, akaisogeza karibu na macho ili aone uzi, akasita. Akainusa. Akachukua ya pili, akainusa na hiyo.

"Kulwant," alisema, "hizi zimekaa karibu na moto?"

Cherehani zikanyamaza moja baada ya moja. Kila mtu pale alijua maana ya swali lile. Nailoni iliyoonja moto haisemi. Kwa macho ni nzima, kwa mkono ni nzima, kumbe ndani imekuwa kama kamba ya mgomba iliyoachwa juani, na siku utakayoijua ni siku mtu anaponing'inia.

Kulwant akamgeukia Pritesh, maana Pritesh ndiye mwenye kisu cha umeme, kile kinachokata nailoni kwa joto ili nyuzi zisifumke.

"Pritesh, hiyo kisu yako ilikuwa moto kiasi gani?"

"Moto wa kila siku, bosi."

"Kila siku hapana moshi. Leo iko moshi."

"Bosi, mbona wanionea? Kisu kikiunguza, hunuka plastiki. Hii hainuki plastiki." Akaishika mbeleko, akavuta pumzi ndefu. "Hii yanuka harusi."

"Usilete mchezo, Pritesh."

"Sichezi. Nusa."

Kulwant alinusa, akakunja uso, akamwambia Pritesh azime kisu, aende kukaa jikoni mpaka mambo yajulikane. Tara akaeleza taratibu, kama mtu asiyependa anachokisema. Kama hakuna anayeweza kusema ni moshi gani na ulikuwa na joto kiasi gani, yeye hana njia. Zote thelathini zitakatwa. Na zilizomo ndani ya helikopta umri wake unakwisha mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa najua ni moshi gani.

Jana yake, tulipomaliza kazi, nilifika kituo cha basi nikakumbuka mwavuli wangu. Nikarudi. Kule nyuma, kwenye kibanda cha kupakilia mizigo, nikamwona shangazi amechutama kando ya tenga kubwa la nguo alilolifudikiza. Chini ya tenga ameweka chetezo, juu ametandaza mbeleko, na moshi mwembamba unapenya katikati ya nafasi za ukanda, unapanda polepole. Alikuwa akizigeuza kama mtu anayegeuza nguo za bibi harusi. Nilichukua mwavuli nikaenda zangu. Kwetu kitu kipya cha kuvaliwa hakitoki mlangoni bila ya udi. Sikuona la kuuliza.

Sasa nilimtazama. Alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya pedeli, mashine haiendi. Nikaenda jikoni, nikampita Pritesh aliyejiinamia na kofia yake gotini, nikatengeneza chai, nikampelekea.

"Shangazi, chai."

"Weka."

Nikaiweka. Sikuondoka.

"Mbona wanisimamia kama mlingoti?"

"Nasubiri kikombe."

"Kikombe hujakitia hata sukari."

"Basi nasubiri uniambie nitie ngapi."

Akaniangalia. Muda wote huo alikuwa akijua nakunywa chai naye kila siku na najua anatia ngapi.

"Weye jana ulirudi kuchukua mwavuli," alisema.

"Nilirudi."

"Na mpaka sasa kimya."

"Jambo la mkubwa husema mkubwa."

Akageuza shingo, akatazama kule jikoni. "Yule naye ana mama yake," alisema. Akatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, maana hushona miguu mitupu, akavivaa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Tara.

"Bwana Kulwant, mwambie bibi huyu moshi ni wangu."

"Yako? Mama, wewe navuta sigara?"

"Astaghfirullah. Udi. Nimezifukiza udi."

Kulwant alimtazama kama amemwambia amezikaanga. "Umewasha moto chini ya spea ya helikopta. Ya jeshi."

"Moto gani, makaa mawili."

"Nani aliagiza?"

"Haagizwi mtu jambo kama hilo. Hebu fikiri. Mtu amekwisha kujikatia tamaa majini, amekufa kila kitu isipokuwa roho, mara anavutwa juu. Si kazaliwa mara ya pili huyo? Sasa nani anampokea mtoto mchanga kwa mbeleko inayonuka gundi ya kiwandani?"

Kulwant alimgeukia Tara na kutafsiri. Maneno ya shangazi yalikuwa marefu, yake yakawa mafupi, na Tara alikuwa amesikia sauti ya shangazi na kuona mikono yake, akajua ameibiwa nusu ya habari.

"Amesema nini juu ya mtoto?" aliuliza.

Pritesh akatoka jikoni bila ya kuitwa, akaeleza yote kwa Kiingereza chake cha hapa hapa, akaongeza kwamba kwao pia mama yake hufukiza nyumba nzima kila asubuhi, ila yeye hajawahi kufukiza helikopta. Tara hakucheka, lakini ile miwani ya kichwani aliiteremsha, kama anataka kumwona shangazi kwa macho manne.

"Anionyeshe," alisema. "Vile vile alivyofanya."

Tukatoka sote hadi kibandani. Shangazi akaleta chetezo chake kutoka kwenye kabati la nguo, na pakiti ya makaa ya duara anayoyanunua Coventry Road, na kijaluba cha udi. Akawasha, akapepea kwa kipande cha kadibodi, akasubiri moto ushike na kufunikwa na jivu, ndipo akadondosha kipande cha udi. Tara alikuwa na waya wa kupimia joto. Kilichokosekana ni kitu cha kufukiza, maana mbeleko hazikuruhusiwa kuguswa tena.

"Mwambie avue koti lake," alisema shangazi. "Hizo nyengine zimeshashiba."

Tara akavua koti la kazi, koti la serikali, likatandazwa juu ya tenga. Tukasimama kuzunguka, upepo wa Machi unatupiga masikioni, na mkaguzi wa jeshi kachutama kando ya shangazi anasoma namba za kipimo chake. Joto lililofika kwenye koti halikufika hata la maji ya kumkoshea mtoto. Tara alipima tena, akahamisha waya huku na huku, ikawa vile vile.

Tukarudi ndani kwenye mashine ya kuvutia. Hiyo ipo nyuma ya wavu wa chuma, na kazi yake ni kuuvuta ukanda mpaka ukatike, ili ijulikane umekatikia wapi. Tara alijichagulia mwenyewe mbeleko tatu, bila ya kufuata mpango. Pritesh akafunga ya kwanza, akaanza. Mshale ukapanda taratibu, ukafika kwenye alama nyekundu, ambayo chini ya hapo mkanda haufai, ukaipita. Shangazi alikuwa ameuma ncha ya ushungi. Ukazidi kwenda. Mlio ulipotoka, kama mlango uliopigwa na upepo, tukaruka sote.

"Imepita mbali," alisema Pritesh.

Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita zaidi ya hizo mbili, na Pritesh akasema labda udi uongezwe.

Mimi nilidhani yamekwisha. Kulwant naye alidhani, kwa sababu alikuwa ameanza kuita chai. Tara akatikisa kichwa.

"Nguvu zipo," alisema. "Lakini siwezi kuzipokea zikinuka hivi." Akamtazama shangazi, si Kulwant, akaongea polepole, na Pritesh akafuata nyuma yake neno kwa neno. "Ndani ya helikopta kila harufu ina maana yake. Mafuta yana harufu yake, waya unaoungua una harufu yake. Rubani akisikia harufu ya moshi asiyoijua, hana ruhusa ya kukisia. Anageuza kurudi. Hata kama chini yake kuna mtu majini anamwona kwa macho."

Shangazi alitafuta kiti, akakaa.

"Anageuza?" alimwuliza Pritesh.

"Anageuza, mama."

Nilimwona anatazama mikono yake, ile aliyoniambia niitazame.

Tara alitupa mpaka Ijumaa. Atakuja na mtu wa helikopta, yule anayeteremka kwa waya, na huyo atanusa moja moja. Akisikia kitu, zinakatwa. Maji matupu yanaruhusiwa, na upepo. Sabuni hapana, marashi hapana, na jua hapana, kwa sababu jua linaila nailoni.

"Jua la wapi?" aliuliza Pritesh.

Alipoondoka, Kulwant alimwita shangazi pembeni. Mimi nilikuwa naye, akaniacha nisikie.

"Mama, kama hizi zinakatwa, jeshi itauliza nani alifanya. Na mimi itabidi niseme huyo hayuko tena hapa. Kazi yote ya hapa ni jeshi. Umeelewa mimi?"

"Nimekufahamu."

"Mimi hapana furahi kusema hii kitu."

"Naona, Bwana Kulwant. Nenda kanywe maji, umekuwa mwekundu."

Udi haukuumbwa kutoka. Ndiyo sifa yake: nguo inafuliwa, inaanikwa, inakunjwa kabatini, na mwaka wa pili ukiifungua inakusalimia. Tulisuuza mbeleko katika mapipa ya maji, maji yakabadilishwa na kubadilishwa, kisha Pritesh akafunga kamba mbili kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa kupakilia, moja juu karibu na dari na moja chini usawa wa kifua, tukazitundika zote. Milango ikaachwa wazi, huu na ule. Upepo wa Castle Vale, ambayo zamani ilikuwa uwanja wa ndege, haujapata habari kwamba siku hizi pamejengwa. Uliingia na kutoka kama uwanja bado wake. Tukashona na makoti mwilini. Tukashona na glavu zilizokatwa ncha za vidole. Mama mmoja wa Kisomali, Khadijo, aliyekuwa akifunga vifungo vya chuma, alisema amekimbia joto la kwao na vita vya kwao, hakutegemea kuja kuuawa na baridi ya udi wa Mzanzibari.

"Usife kabla ya Ijumaa," shangazi alimjibu. "Nina shida na mikono yako."

Tabu nyengine ilikuwa pua. Zetu zilikwisha kazi. Ukikaa na udi siku nzima huusikii tena, na Kulwant alikuwa na mafua. Ndipo akaletwa Simran, binti yake, aliyekuwa na mimba changa na kila harufu ya dunia ni adui yake. Simran kazaliwa hapa Birmingham, Kiswahili anakisikia tu, lakini kuna maneno mawili aliyookota tangu utoto kwa kumsikiliza baba yake akihimiza watu kazini. Akapita kamba kwa kamba, kitambaa mkononi endapo atatapika, ananusa na kutoa hukumu.

"Bado. Bado. Bado. Auntie, honestly. Bado."

Jumatano asubuhi zote zilikuwa bado. Jumatano mchana, zile za kamba ya juu zikaanza kuwa tayari. Jioni, zote za juu na nyingi za chini zikawa tayari, na Kulwant akamnunulia kila mtu samosa. Shangazi hakula. Alikuwa akizunguka kwenye kamba ya chini, anazigeuza moja moja upande huu na huu, kama kuku na mayai yake.

Alhamisi asubuhi Simran akaja, akaanza na kamba ya chini.

"Bado," alisema. Akasogea. "Bado. Dad, this was tayari yesterday. Bado."

Kulwant alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Zile zilizokuwa zimesafika zimerudi kunuka. Pritesh akasema udi umelala ndani ya uzi na usiku umeamka. Khadijo akasema ni majini na mashetani. Kulwant akasema hataki kusikia habari ya majini, anataka kusikia habari ya Ijumaa.

Mimi nikaangalia. Kamba ya juu haikuwa na harufu hata moja. Juu alikuwa akifika Pritesh peke yake kwa ngazi. Ya chini ndiyo iliyorudi, na si yote. Ni kuanzia katikati kuja upande wetu, upande wa cherehani ya shangazi. Shangazi akasimama, akaenda kuigeuza mbeleko ya mwanzo, akaishika kwa mikono miwili, akaibana kifuani ili aikunjue, akaiachia, akashika ya pili. Nikamfuata nyuma. Nikasogea karibu ya bega lake, nikavuta pumzi.

Sasa mwambie mkubwa wako jambo kama hilo. Nilisubiri mpaka wengine wameenda kunywa chai.

"Shangazi, leo umejifukiza?"

"Kwani iko siku nisiyojifukiza?"

"Jana je?"

"Jana nimezidisha. Moyo ulikuwa mzito." Akanitazama. "Wauliza nini, Mwanakhamis?"

"Ushungi huo ulikuwa kwenye udi. Na kanzu. Na koti."

"Kila kitu changu ki kwenye udi, tangu naolewa. Ndivyo ninavyojijua."

"Na mbeleko ndivyo zinavyokujua," nilisema. "Ukizishika tu, zinarudi."

Alibaki ameishika ile mbeleko. Akainusa, kisha akanusa mkono wake, kisha mbeleko. Nikaogopa kwamba atalia. Mabega yakaanza kutikisika, akashika kamba asianguke, na kicheko kilipotoka, wote kule jikoni walikuja mbio wakidhani pana msiba.

"Kumbe mie ndiye chetezo," alisema. "Siku tatu nawatesa watu kwa baridi, na chetezo nakitembeza mwenyewe."

Alivua glavu, akaziweka mezani, akarudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye kamba na mikono hewani. Kulwant alimpeleka nyumbani kwa gari lake, na Pritesh akabaki kusuuza upya.

Jioni ile nilipofika Newtown nilimkuta kaketi katikati ya chumba, amezungukwa na nguo zake zote. Hakukuwa na hata moja isiyonuka. Alikuwa amefungua mpaka sanduku la chini ya kitanda.

"Kesho n'ende uchi?" aliniuliza.

"Koti la Muzamil lipo. Lile la mpira."

Muzamil alitoa kichwa chumbani kwake. "Mum, you are not wearing my Villa jacket."

"Nenda katie chai," alimwambia mama yake.

Alikoga mara mbili kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu. Suruali nikampa yangu, sketi yangu juu yake, mtandio wangu ambao nilikuwa nimeufua tu, sikuufukiza. Asubuhi ya Ijumaa alipanda basi amevaa koti la Aston Villa limefungwa zipu mpaka kidevuni, na alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Dereva alimtazama, akatabasamu, akamwambia neno.

"Amesemaje?" aliniuliza tulipokaa.

"Amesema kesho mtafungwa mawili."

"Nani atufunge? Kwa kosa gani?"

Nikamweleza ni habari ya mpira. Akasema mpira ndio uliobaki, yote mengine yameshamfika.

Karakanani hakusogea kwenye kamba. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, na wala hakushona. Tara alikuja na mtu wa helikopta. Alikuwa jitu, shingo na kichwa sawasawa, na pua yake ilikuwa imewahi kuvunjika ikaunga upande.

"Pua hii haina kazi," Pritesh alinong'ona. "Tumeokoka."

Ilikuwa na kazi. Alifanya polepole, na kwa kila mbeleko alifumba macho. Alianza kamba ya juu, Pritesh akimteremshia, akamaliza, akaja ya chini. Tara alikuwa akimfuata na muhuri mkononi. Karibu na mwisho, upande wetu, alisimama. Akainusa ile mbeleko, akaiachia, akairudia. Kulwant alikuwa amefumba macho naye. Shangazi alitazama mbele tu, kama mtu aliyemo kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Chungwa," alisema yule mtu.

Muhuri wa Tara ukabaki hewani.

"Hii inanuka chungwa."

Sote tukageuka, na Pritesh akaanza kusoma dari. Katika kusuuza na kuanika tangu alfajiri hakuwa amepata nafasi ya kula, akala pale pale chini ya kamba.

"Mimi nakuua," Kulwant alimwambia kwa sauti ndogo. "Polepole. Na chungwa."

Tara alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Hiyo moja itabaki kwenye upepo, alisema, ije iende na kundi lijalo. Zilizobaki mtu wa helikopta alizimaliza, akafungua macho, akasema hasikii kitu. Muhuri ukaanza kupigwa, moja baada ya moja.

Shangazi hapo ndipo aliposimama. Alimwendea yule jitu, kichwa chake kinafika kwenye kifungo cha katikati cha koti lake, akamwita Pritesh.

"Muulize. Wakimtoa mtu majini, harufu ya kwanza anayoisikia ni harufu gani?"

Pritesh akauliza. Mtu yule alifikiri kidogo.

"Mafuta ya taa," alisema. "Injini zetu zinakunywa mafuta ya jamaa hiyo. Yanaingia nguoni, kwenye nywele, mpaka kwenye mkate tunaokula. Mke wangu ananivulisha nguo mlangoni."

Shangazi alisikitika kweli kweli. "Maskini. Wanazaliwa kwenye mafuta ya taa."

Akatafsiriwa hilo, na yule mtu akatikisa kichwa. Akasema kulikuwa na bibi mmoja waliyemtoa kwenye bahari ya kaskazini, mashua yao imepinduka, na kila mwaka huwapelekea kadi. Bibi huyo huwaambia kwamba mpaka leo, akipita mahali akasikia harufu ile, husimama. Hata kama anachelewa, husimama, akavuta pumzi, akaona raha, kisha akaendelea na safari.

Pritesh alipomaliza kueleza, shangazi alizitazama zile mbeleko.

"Basi udi wa kwao wanao tayari," alisema. "Kila mtoto na koja lake."

"Amesema nini?" aliuliza yule mtu.

"Amesema sawa," alijibu Kulwant.

Makreti yalifungwa, yakapakiwa, gari likaondoka. Khadijo alifunga mlango wa mbele na mimi nikafunga wa nyuma, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikavua glavu. Kulwant akaja mpaka kwenye cherehani ya shangazi. Nilijua alikuwa amepanga maneno, maana alikuwa amenyoosha kilemba na midomo ilikuwa ikitangulia kwenda. Akasimama mbele yake, akakohoa.

Shangazi alikuwa ameshavua viatu. Alikuwa ametia uzi na kipande cha kwanza cha kundi jipya kipo chini ya sindano.

"Bwana Kulwant," alisema, "sogea kidogo, wanizuilia mwanga."

Akasogea.